Kifaransa nilichokiacha miaka 17: nianze upya kabisa au niokote pale nilipokidondosha?

#1 Kalamu Nyeusi

Habari zenu wakuu.

Nilisoma Kifaransa miaka minne nikiwa sekondari, na nilikipenda kweli. Nilifaulu vizuri. Baada ya hapo maisha yakanipeleka kwingine, na leo ni miaka 17 sijakigusa. Mwezi uliopita alikuja mgeni kazini ambaye hana lugha nyingine zaidi ya Kifaransa. Kwenye taarifa zangu imeandikwa kwamba nakijua, basi wakaniita. Nilielewa kama nusu ya alichosema. Zamu yangu ya kujibu ilipofika nikasema "je suis", na neno la tatu likagoma kabisa kuja. Nilirudi mezani kwangu na donge kooni.

Usiku nikajipima. Vitenzi être (kuwa) na avoir (kuwa na) vilitoka vyote, wakati uliopo, nafsi zote sita, bila kusita. Habari fupi naisoma na kuambulia kiini chake. Lakini nikitaka kusema "naomba kuazima kalamu", hilo neno la kuazima silipati hata herufi yake ya kwanza, na nilikuwa nalijua!

Swali langu: nianze upya kama mtu asiyejua kitu, au niokote pale nilipodondosha? Na nitajuaje ni wapi? Nawasubiri hasa mliowahi kukipoteza mkakirudia.

#2 Tembo Mpole

Mkuu, anza mwanzo. Najua linamkera mtu aliyefaulu, lakini nyumba iliyofungwa miaka 17 huingii tu ukalala. Unapita chumba kwa chumba kwanza.

Mimi niliacha miaka 11. Nilichukua kitabu cha wanaoanza kabisa nikajilazimisha kukimaliza, na kile kilichonichukua mwaka mzima darasani kiliisha kwa wiki tatu. Nilikuta mashimo ambayo sikujua ninayo. Kwa mfano nilikuwa nasema "à le" badala ya "au", na "ce homme" badala ya "cet homme". Makosa hayo hayakuzuii kusoma, kwa hiyo ukisoma tu hutayaona kamwe. Utayaona siku unayosimama mbele ya mgeni.

Na hilo neno lako ni *emprunter*. Kuazimisha ni *prêter*.

#3 Kalamu Nyeusi

Emprunter! Nimelisoma nikahisi kama nimeonyeshwa picha ya jirani wa zamani. Ahsante mkuu.

#4 Bint Hamisi

Napingana na Tembo Mpole, na nina sababu.

Nilijaribu njia yake mara mbili. Mara zote niliishia sura ya nne, kwa sababu sura tatu za kwanza nilikuwa nazijua na akili ikalala. Mtu aliyewahi kufika mbali ukimrudisha kwenye "bonjour, je m'appelle" unamuua moyo.

Kilichonirudisha mimi ni masikio. RFI, redio ya kimataifa ya Ufaransa, wana taarifa ya habari kwa Kifaransa chepesi, dakika kama kumi, na maandishi yake wanayaweka ili msikilizaji asome. Nilikuwa nasikiliza mara ya kwanza bila kusoma chochote. Mara ya pili nasoma huku nasikiliza. Mara ya tatu nasoma kwa sauti pamoja na mtangazaji, nikikimbizana naye. Wiki mbili za kwanza nilikuwa napata vipande tu. Wiki ya tano nilijikuta naelewa sentensi nzima kabla sijaitafsiri kichwani, na siku hiyo nililia kidogo, sisemi uongo.

TV5Monde, ile televisheni ya Kifaransa, nao wana mazoezi ya bure kwenye mtandao, yamepangwa kwa ngazi za lugha, kuanzia A1 ya wanaoanza hadi B2. Kalamu Nyeusi afungue la B1, akishindwa ashuke A2. Hapo atajua alipodondosha bila kupoteza wiki tatu.

#5 Fundi wa Maneno

Kabla hatujagawanyika makundi, niseme jambo moja kuhusu kusahau kwenyewe, maana ndipo swali la mleta uzi lilipo.

Mwaka 1885 Mjerumani Hermann Ebbinghaus alichapisha majaribio aliyojifanyia mwenyewe. Alikariri orodha za silabi zisizo na maana, akaacha muda upite, kisha akazikariri tena. Ujanja wake ulikuwa hapa: badala ya kuhesabu tu anakumbuka ngapi, alipima ameokoa muda kiasi gani mara ya pili. Orodha aliyodhani imefutika ilijifunzika haraka kuliko mpya. Maana yake mtu anaweza kushindwa kutaja hata neno moja na bado akawa na akiba ndani.

Karibu miaka mia moja baadaye, mwaka 1984, Mmarekani Harry Bahrick alichapisha utafiti wa watu zaidi ya 700 waliowahi kusoma Kihispania shuleni, wengine nusu karne nyuma. Walipoteza sana katika miaka mitatu hadi sita ya kwanza. Baada ya hapo kilichobaki kilikaa karibu vilevile hadi miaka kama 30. Na waliosoma kwa kina zaidi tangu awali ndio waliobaki na kingi.

Kwa hiyo Kalamu Nyeusi, ulichopoteza ulikipoteza zamani, pengine kabla ya mwaka wa sita. Miaka 11 iliyofuata haikukuibia kiasi unachodhani.

#6 Jabali

Fundi, heshima yako, lakini unampa mwenzetu matumaini ambayo hujapewa kibali cha kuyatoa.

Kuna utafiti wa mwaka 2003 uliofanyika Ufaransa, Christophe Pallier na wenzake. Walichukua watu wazima wanane waliozaliwa Korea na kulelewa na familia za Kifaransa tangu wakiwa na umri kati ya miaka mitatu na minane. Yaani mtoto wa miaka minane, anayeongea Kikorea vizuri kabisa! Walipokuwa wakubwa wakasikilizishwa sentensi za lugha mbalimbali, Kikorea kikiwemo. Hawakukitambua kuliko Mfaransa yeyote wa kawaida, na hata picha za ubongo hazikuonyesha tofauti.

Kama lugha ya mama inaweza kufutika hivyo, hiyo ya darasani vipindi vinne kwa wiki ni nini? Ndiyo maana nasimama na Tembo. Ajihesabu hana kitu, aanze, na kila anachokikuta bado kipo akichukulie kama zawadi.

#7 Nuru ya Asubuhi

Jabali, habari hiyo ni ya kweli lakini haikuishia hapo.

Mwaka 2014 walipimwa vijana waliozaliwa China na kulelewa Kanada, wasiojua lugha nyingine zaidi ya Kifaransa. Wenyewe hawakumbuki neno la Kichina. Lakini toni za Kichina ziliposikika, ubongo wao ulifanya kazi kama wa watu wanaozungumza Kichina, si kama wa watoto wa Kifaransa. Na mwaka 2017 yakachapishwa matokeo ya Wakorea waliolelewa Uholanzi. Mwanzoni hawakuwa na ubora wowote kuliko Waholanzi, sawa na unavyosema. Walipofundishwa sauti za Kikorea kwa siku chache, ndipo wakawapita katika kuzitamka.

Unaona tofauti? Wale wa 2003 waliulizwa kama wanakumbuka. Hawa wa 2017 walipewa nafasi ya kujifunza tena. Alama ilikuwa imejificha mahali ambapo huwezi kuifikia kwa kuuliza tu.

#8 Jabali

Nuru, nimekupata, na nakushukuru kwa kunisahihisha. Ila hizo ni sauti. Kalamu Nyeusi hajakwama kwenye sauti, amekwama kwenye maneno. Wale Wakorea hawakurudishiwa maneno.

#9 Msomaji Kimya

Miaka mingi nasoma humu bila kuandika, leo nimeshindwa kunyamaza.

Nyote mnazungumza kana kwamba Kifaransa kimeoza au kimelala. Mimi naona kimefunikwa. Muulizeni mleta uzi hiyo miaka 17 alikuwa anatumia lugha gani kazini. Kama ni Kiingereza, basi kila alipotafuta neno la kigeni mlango uliofunguka ulikuwa wa Kiingereza, na ule wa pili ukazidi kushika kutu.

Niliporudi kwenye Kifaransa niliandika barua nikisema "actuellement" nikidhani ni "kwa kweli", kumbe ni "kwa sasa". Nikamwambia mtu "j'ai assisté à mon collègue" nikitaka kusema nilimsaidia mwenzangu, wakati ningesema tu *aider*, maana *assister à* ni kuhudhuria. *Librairie* si maktaba, ni duka la vitabu. Maktaba ni *bibliothèque*. *Blesser* ni kujeruhi, na Mwingereza akiliona anadhani unambariki.

Dawa yangu: niliacha kamusi ya Kiingereza na Kifaransa kabisa. Nikawa naandika neno la Kifaransa na maelezo yake kwa Kiswahili moja kwa moja, bila kupitia Kiingereza. Mwezi wa kwanza ni mateso, kamusi za namna hiyo si nyingi na nyingine nyembamba, ilibidi nijitengenezee daftari. Lakini makosa hayo yalipungua kuliko nilivyotegemea.

#10 Kalamu Nyeusi

Msomaji Kimya, umenigusa penyewe. Kazi yangu yote ni Kiingereza, asubuhi hadi jioni. Na nimekumbuka sasa: yule mgeni alipokuwa ananisubiri, neno lililonijia kichwani lilikuwa la Kiingereza. Kiswahili hata hakikuja.

#11 Chipukizi

Samahani wakubwa, shikamooni. Mimi ndiyo kwanza mwaka wa pili najifunza, naogopa yatanikuta haya haya. Vipi kuhusu zile kadi za maswali kwenye simu, kama Anki? Zinafaa kwa anayerudia au ni za wanaoanza tu?

#12 Fundi wa Maneno

Marahaba. Zinafaa, na kwa anayerudia zinafaa zaidi, kwa sababu zitakupa kipimo. Wazo lenyewe lina umri kuliko simu: Sebastian Leitner alilieneza miaka ya 1970 kwa sanduku lenye vyumba. Kadi uliyoipata inasogea chumba cha mbele na utaiona baada ya siku nyingi. Uliyoikosa inarudi chumba cha kwanza.

Ila nina onyo. Usiweke neno tupu. Ukiandika "emprunter = kuazima" utalitambua kwenye kadi na kulikosa mdomoni. Weka sentensi yenye pengo: "Je peux ___ ton stylo ?" Na upande wa kuuliza uwe Kiswahili, ili ulazimike kulitoa neno mwenyewe. Kulitambua neno na kulitoa ni kazi mbili tofauti, na aliyekaa miaka bila kusema amepoteza ya pili.

#13 Mama Neema

Wanangu, nimesoma yote. Niwaambie yangu.

Nilisoma Kifaransa nikiwa binti, nikakiacha nilipoolewa. Miaka 31. Kijana wangu akaoa kwa watu wanaozungumza Kifaransa, akapata mtoto, na mjukuu wangu huyo hajui lugha nyingine. Tukipigiana simu ya picha ananiangalia, mimi namwangalia. Sikuweza kukaa hivyo.

Sikuanza na kitabu, wala redio. Nilianza kuongea na mtoto wa miaka minne. Mtoto hana haraka na hakuchukulii vibaya. Anakuonyesha kitu, anakitaja, anasubiri ukitaje. Ukikosea anakurekebisha na anaendelea na mchezo wake. Aliniambia "pas le voiture, mamie, LA voiture", basi, tangu siku ile sijakosea tena gari. Kila jioni dakika kumi na tano. Baada ya miezi minne nilikuwa namsimulia hadithi ya sungura na fisi, kwa makosa, lakini anacheka panapochekesha.

Kinachowafunga watu wazima ni aibu. Bint Hamisi unasikiliza vizuri mwanangu, lakini nakuuliza kwa upendo: umeongea na nani?

#14 Bint Hamisi

Mama, shikamoo. Umenishika pabaya. Nilisikiliza miezi mitano kabla sijaongea na mtu, na nilipoongea nilikwama vibaya. Lakini nilikwama nikiwa naelewa kila anachosema mwenzangu, na hilo lilinipa utulivu. Anayeongea mapema bila kuelewa anaishia kusema yeye tu na kuogopa jibu.

#15 Fundi wa Maneno

Hapo kwenye mzozo wa Mama Neema na Bint Hamisi Kanada wamejaribu kwa vitendo. Kuanzia mwaka 1965, St. Lambert kule Quebec, watoto wa familia za Kiingereza waliwekwa madarasa yanayofundishwa kwa Kifaransa. Mpango ukaenea. Baada ya miaka ya kusikia Kifaransa kila siku, watoto walielewa karibu sawa na wenyeji. Kusema na kuandika kwao, hata hivyo, kulibaki na makosa ya sarufi yasiyoisha. Mwaka 1985 mtafiti Merrill Swain akatoa hoja kwamba walikosa kusukumwa kuzalisha lugha: ukisikiliza unaweza kukamata maana bila kujali viambishi, ukisema huwezi kuvikwepa.

#16 Nuru ya Asubuhi

Lakini Fundi, watoto wale waliweza kuongea na kueleweka. Mleta uzi akifika pale walipofika atashukuru Mungu.

#17 Babu Kitabu

Salaam kwenu. Naongeza ambalo halijatajwa: ukirudi baada ya miaka mingi unaweza kukuta lugha nayo imesogea.

Mimi nilisoma miaka ya 1970. Niliporudi nikakuta *connaître* inaandikwa *connaitre* bila kofia, *août* limekuwa *aout*, na *oignon* wengine wanaandika *ognon*. Nilidhani ni makosa ya uchapaji. Kumbe kulikuwa na marekebisho ya tahajia yaliyotangazwa Desemba 1990. Kofia juu ya i na u ziliondolewa, na sasa ya zamani ni makosa.

#18 Fundi wa Maneno

Babu, shikamoo. Naomba nisahihishe mawili kwa heshima. Tahajia ya zamani si kosa, zote mbili zinakubalika, kwa hiyo uliyofundishwa iandike bila wasiwasi. Na kofia hazikuondoka zote. Zimebaki pale zinapotenganisha maana, kama *sûr*, mwenye hakika, na *sur*, juu ya. Vilevile *dû* na *mûr*.

#19 Babu Kitabu

Marahaba mwanangu. Basi nimepumzika.

Na mazungumzo yao je? Sisi tulifundishwa "je ne sais pas", neno kwa neno. Vijana wao wanasema kitu kama "shepa". Ile *ne* wameimeza. Na *nous* hawaitumii sana, kila mahali ni *on*: "on y va", "on a fini". Kalamu Nyeusi huenda hukusahau nusu ile uliyoikosa. Huenda hukufundishwa.

#20 Kalamu Nyeusi

Shikamoo Babu. Ni kweli kabisa, "on" aliitumia mno na mimi nikawa najiuliza anamsema nani.

#21 Msomaji Kimya

Na namba! Tulisoma *soixante-dix* (70) na *quatre-vingt-dix* (90). Mbelgiji anakuambia *septante* na *nonante*, na Kongo utazisikia hivyo hivyo.

#22 Tembo Mpole

Uswisi pia. Na wapo Waswisi wanaosema *huitante* kwa 80. Kwa mtu anayehesabu kwa Kiswahili hizo ndizo zenye akili, sabini ni sabini, haina haja ya kujumlisha sitini na kumi.

#23 Mwana wa Sarufi

Nimechelewa kuuona uzi huu na nina neno kwa wanaotaka kurudia sarufi. Tunajifunza Kifaransa kwa kupitia maelezo yaliyoandikiwa Waingereza, na tunarithi ugumu wao. Sisi tuna njia za mkato kwenye lugha yetu.

Kiwakilishi cha mtendwa: Mwingereza anahangaika kwa nini "je le vois" ina *le* kabla ya kitenzi. Sisi tunasema ni-na-mw-ona tangu utotoni. Dhamira tegemezi: "il faut que je parte" ni "lazima niondoke". "Je veux qu'il vienne" ni "nataka aje". Ile -e yetu ya mwisho inatuonyesha panapohitajika *subjonctif*. Na jinsia za nomino zisimtishe mtu aliyekua na ngeli. *Le* na *la* ni mbili tu, tena mwisho wa neno unakusaidia: -tion ni ya kike, -age na -ment ni za kiume.

Niliporudi baada ya miaka tisa, nilipoanza kuyaona hivi, vitu nilivyovikariri kwa machozi vilikaa bila kukariri.

#24 Tembo Mpole

Mwana wa Sarufi, umenifungua macho kwenye hiyo -e. Lakini -age si zote: *image, page, plage, cage, nage* na *rage* ni za kike. Nilizikosea zote kwenye zoezi moja, ndiyo maana nazikumbuka.

#25 Nuru ya Asubuhi

Na -e nayo ina mpaka. Tunasema "ingawa amechoka", hakuna -e, lakini wao "bien qu'il soit fatigué". Tunasema "nimefurahi kwamba upo", wao "je suis content que tu sois là". Kwa "nataka" na "lazima" linakubali. Kwenye hisia na "ingawa" litakuangusha.

#26 Jabali

Na "je l'ai vu"? Kwetu "nimemwona", alama ya wakati iko mbele ya mtendwa. Kwao mtendwa *l'* anaruka mbele ya *ai*. Na ukiamuru, "niambie" inakuwa "dis-moi", mtendwa amekwenda nyuma. Njia ya mkato ipo, ila ina makorongo.

#27 Mwana wa Sarufi

Nakubali yote matatu. Nilisema njia ya mkato, na ninyi mmeiwekea alama za barabarani. Bado nairudia: anayetoka kwenye Kiswahili ana umbali mfupi kuliko anayepitishwa kwenye Kiingereza kwanza.

#28 Chipukizi

Kwa wanaotaka cheti, je, ukiwa na cha zamani unaruhusiwa kukitumia?

#29 Bint Hamisi

Inategemea. Vyeti vya mitihani ya Kifaransa ya DELF na DALF havina mwisho, cheti chako ni cha maisha. Matokeo ya TCF, mtihani mwingine wa Kifaransa, yanadumu miaka miwili. Kwenye DELF kuna sehemu nne, kila moja alama 25: kusikiliza, kusoma, kuandika, kuongea. Kufaulu ni 50 kwa 100, na ukipata chini ya 5 kwenye sehemu yoyote umeanguka hata kama jumla inatosha. Kalamu Nyeusi wa leo angebebwa na kusoma akaangushwa na kuongea.

Cheti cha maisha hakikuhakikishii lugha ya maisha, hilo sote humu tumelionja.

#30 Kalamu Nyeusi

Wakuu, ni wiki ya saba tangu nifungue uzi. Naleta mrejesho, maana mlinipa muda wenu.

Nilifuata Bint Hamisi kwanza. Kipimo cha B1 nilishindwa, A2 nikapita kwa shida, nikaanzia hapo. Taarifa ya RFI kila asubuhi kabla ya kazi. Wiki ya tatu nikagundua naelewa lakini siandiki sentensi iliyonyooka, nikarudi kwa Tembo Mpole na kitabu cha mwanzo. Nilikipitia haraka, nikisimama penye mashimo tu. Shimo langu kubwa lilikuwa wakati uliopita: kila kitu nilikipa *avoir*. "J'ai allé." Halafu nikachanganyikiwa zaidi nilipokuta "je suis sorti" na "j'ai sorti le livre", kitenzi kimoja, visaidizi viwili. Sasa nimeelewa: nikitoka mwenyewe ni *être*, nikikitoa kitu ni *avoir*. Kiswahili kingeniambia tangu mwanzo, maana kutoka na kutoa si neno moja.

Kadi nimezitengeneza 240, zote sentensi zenye pengo. Sijampata mtoto wa miaka minne, lakini nimempata mwenzangu wa kuongea kwa simu mara mbili kwa wiki. Yeye anajifunza Kiswahili, tunagawana nusu saa nusu saa.

Jambo la ajabu ni hili. Maneno ninayojifunza mapya yanakuja kwa jasho. Ya zamani yanajirudia yenyewe, bila mpangilio, hata yasiyo kwenye kadi. Juzi naoga likaja *parapluie*, mwavuli. Sijaliona neno hilo popote kwa miaka yote hii.

#31 Jabali

Hongera kwa moyo wote. Ila *parapluie* ni neno la kitabu cha mwaka wa kwanza, ulilirudia mara mia ukiwa mdogo. Tuletee neno la mwaka wa nne lililorudi lenyewe, ndipo nitamkubalia Fundi.

#32 Fundi wa Maneno

Jabali, hilo ndilo Bahrick alilosema! Lililozamishwa vizuri linabaki.

#33 Jabali

Na lisilozamishwa limekwenda. Ndilo nalosema tangu mwanzo.

#34 Kalamu Nyeusi

Naomba msaada wa mwisho kwa leo. Mwenzangu wa simu aliniambia faili liko *dessus* na mimi nikasikia *dessous*. Moja ni juu, nyingine ni chini! Nazisikia sauti moja. Nikizitamka mwenyewe ananiuliza "ipi?"

#35 Mama Neema

Mwanangu, sema "i" uivute. Ulimi usiusogeze hata kidogo. Sasa kunja midomo kama unayepuliza moto. Hiyo ndiyo ya *dessus*. Ya *dessous* ni "u" yetu ya kawaida. Mjukuu alinishika mashavu kwa vidole nikapata.

#36 Kalamu Nyeusi

Nimejaribu mara kama ishirini mbele ya kioo. Ya ishirini na moja imetoka, nimeisikia mwenyewe! Mama, ahsante sana. Jioni nitamsemea mwenzangu zote mbili nione kama atauliza tena.

#37 Tembo Mpole

Sauti hiyo iko sura ya kwanza ya kitabu mkuu, ulipita haraka.

#38 Bint Hamisi

Na kwenye taarifa ya habari ya leo utaisikia kila sentensi ya pili. Sikiliza *rue* na *plus*.